Anayetembea Kifuani mwa Mjomba

Mjomba wangu Eudald alipoanza kuumwa kifua, mji mzima ulifuzu udaktari kwa siku moja. Mahafali yalifanyika kwenye baa ya chama cha ushirika, kati ya mashine ya kahawa na magunia ya lozi, nami nilihudhuria kwa heshima zote nikiwa na soda mkononi.

"Inauma vipi?" aliuliza Magí, mkuu wa kikundi chetu cha kujenga minara ya watu, mtu mwenye shingo nene kuliko paja langu.

"Nikitikisika," alisema mjomba. "Nikigeuka, nikiinua gunia, nikikohoa. Nikitulia, afadhali."

"Basi ni ubavu. Ubavu ndio unaouma ukitikisika. Moyo hauna habari na mambo ya kugeukageuka."

"Ni upepo," alisema Bibi Tecla, mama yake mjomba, ambaye hakuwa ameulizwa. "Alitoka kwenye mafua yale akaanza kulala dirisha wazi, jasho linamtoka. Upepo umeingia katikati ya mbavu, umekaa. Utaukuta humo mpaka Krismasi."

"Mama, upepo haukai."

"Haukai kwa wenye akili. Kwako umepata nyumba."

Kutoka nyuma ya kaunta mtu alisema ni msuli, kwa sababu mazoezini kijana mmoja alimkanyaga mjomba bega kwa kisigino. Mwingine akasema ni gesi, na akataja kwa kirefu gesi yake mwenyewe. Hatimaye aliingia Bwana Bartomeu, mwenye duka la dawa, kuja kunywa kahawa yake ya saa kumi. Baa ilinyamaza kama kanisa wakati wa kuinuliwa hostia. Aliweka vidole viwili pembeni mwa mfupa wa kifua cha mjomba, akabonyeza.

"Ai!" alisema mjomba.

"Mmeona?" Bwana Bartomeu alifuta vidole. "Pakibonyezwa panauma. Moyo haubonyezeki, mabwana. Hili ni gegedu la ubavu, limevimba. Mafuta ya kafuri, mara mbili kwa siku, na asibebe magunia."

"Na mnara?" aliuliza Magí haraka.

"Mnara si gunia," alisema Bwana Bartomeu, naye alikuwa ameshavaa beji ya kikundi kwenye koti.

Watu walipumua. Ungedhani kila mmoja pale alikuwa na ubavu wake uliokuwa ukiuma, na sasa umepona.

Walikuwa na haraka ya kupumua, na sababu yake ni hii. Sikukuu ya mtakatifu wetu ilikuwa inakaribia, na mwaka huo kikundi chetu, sisi wa mashati ya zambarau, tuliapa kujenga mnara wa watatu kwa nane: ghorofa nane za watu, watatu watatu, wamesimama mabegani mwa wenzao, na juu kabisa mtoto mwepesi anayenyoosha mkono mbele ya balkoni ya meya. Mara ya mwisho mji wetu kuusimamisha mnara huo, Bibi Tecla alikuwa bado na meno yake yote. Wenzetu wa mashati ya kijani, kutoka mji wa pili, waliusimamisha mwaka jana kwenye uwanja wetu wenyewe, kisha wakatuimbia njia nzima mpaka kwenye basi lao.

Mjomba Eudald alikuwa mtu wa ghorofa ya pili. Ghorofa ya kwanza imezungukwa na umati unaoibana pande zote, hata ikitaka kuanguka haina pa kuangukia. Ya pili ndiyo inayosimama peke yake. Theluthi nzima ya mnara ingekaa mabegani mwa mjomba, na juu ya hiyo theluthi, mwisho wa kila kitu, angekuwa Ona, binti yake, mwenye meno mawili ya mbele yaliyong'oka na kofia ngumu iliyomfanya afanane na uyoga. Hatukuwa na mtu mwingine wa kuweka pale. Magí alikuwa ametafuta. Kwa hiyo kifua cha mjomba kilitakiwa kiwe na ugonjwa mdogo, nacho, kwa kura ya baa, kikawa nao.

Mimi ni Elisenda, mpiga zumari wa kwanza wa kikundi. Mwaka mzima niko shule ya bweni ya masista, ambako nafunzwa Kilatini na unyenyekevu. Likizo narudi nyumbani kwa Bibi Tecla, tunamoishi sote, kuwafunza wengine nilichobakiza. Wiki ile nilikuwa nimemfunza mjomba kwa chura wa plastiki. Nilimkunjia chura huyo ndani ya mshipi wake, ule mshipi mweusi wa kitambaa, mrefu kuliko sebule, ambao wajenga minara hujifunga kiunoni ili mgongo usivunjike na ili wanaopanda wapate pa kukanyaga. Aliufungua mezani, chura akamrukia kwenye supu.

Mjomba wangu ana kicheko cha kuhamisha njiwa paa la kanisa. Nilikingojea. Kilianza, kikafika kooni, kikakatika. Aliweka viganja vyote viwili mezani akainama mbele, uso umegeuka rangi ya chokaa, na supu ikimdondoka kidevuni.

"Usinichekeshe, Elisenda," alisema. "Nakuomba."

Mjomba alikuwa ameshanitukana, ameshanifukuza na ufagio, ameshanifungia nje na mvua inanyesha. Kuniomba, hajawahi. Nilimtoa chura kwenye supu bila mzaha wowote, na Bibi Tecla akaniangalia kama aliyeona nina homa.

Tangu hapo nilianza kumtazama. Asubuhi nikishuka jikoni nilimkuta ameshaamka, amekaa, kahawa mbele yake. Nilimsifu kwa bidii yake mpya. Lakini kwenye paji la uso wake palikuwa na vijimraba vyekundu, safu kwa safu, na ilinichukua muda kutambua kwamba nimeviona mahali. Vilikuwa ufumaji wa kitambaa cha meza. Hakuwa ameamka mapema. Alikuwa amelala pale, kwenye kiti, kichwa kimelazwa juu ya meza.

"Kitanda kimekukosea nini, mjomba?"

"Nikilala chali inachoma. Nikiinama mbele inaniachia." Alijipangusa paji la uso kana kwamba alama zingetoka. "Unajua ajabu yake? Kwenye mnara hainiumi hata kidogo. Nikishafungwa mshipi, nikishawakumbatia wenzangu mikono, nikiinama hivi, kimya. Mnara ndio dawa yangu."

Alilisema hilo na baani pia, na baani lilipokelewa kama muujiza wa mtakatifu. Magí alilirudia kwa kila aliyeingia: jamaa anaumwa nyumbani, mnarani anapona! Mshipi unashika ubavu, ubavu unatulia; ushahidi gani tena mnataka? Wakamwongezea mazoezi.

Halafu Ona akasema lile neno.

Tulikuwa uani tunamenya lozi, sisi wawili na Bibi. Mama yake Ona ni mpishi kwenye meli, hurudi msimu ukiisha, kwa hiyo jioni Ona hupanda kwenye mapaja ya baba yake na kulaza sikio kifuani mwake mpaka asinzie.

"Kuna mtu anatembea kifuani mwa baba," alisema, bila kuacha kumenya.

"Ni moyo huo," alisema Bibi.

"Moyo naujua, Bibi. Moyo unagonga. Huyu anatembea. Anakanyaga hivi." Aliteremka kwenye kiti, akatembea taratibu juu ya lundo la maganda ya lozi tuliyoyatupa chini. *Krash, krash. Krash, krash.* "Anakwenda mbele, anarudi. Hata baba akiwa ametulia."

Bibi Tecla alipiga ishara ya msalaba kwa mkono wenye lozi. Mimi niliacha kumenya. Maana kuna chumba kimoja duniani ninachokifahamu kuliko vyote, nacho ni chumba cha wagonjwa cha shule yetu, na maneno ya mjomba yalikuwa yakinirudisha humo.

Nieleze. Katika shule ya bweni, ugonjwa ni sanaa. Homa hupimwa, kuhara huonekana, lakini maumivu ya kifua yanayozidi ukitikisika hayana shahidi. Kabla ya mtihani wa hesabu nilijilaza mbele ya Sista Perpetua, muuguzi wetu, nikayaigiza kwa kipaji. Sista aliniuliza maswali yake kwa uchovu, kama anayesoma rozari. Inauma ukipumua ndani? Ndiyo, Sista. Ukigeuka? Ndiyo. Ukilala chali, inazidi? Sana, Sista. Na ukikaa ukainama mbele, inapungua? Nikaona swali zuri, nikalijibu kwa moyo wote: inapungua, Sista, inakwisha kabisa! Hapo uchovu ukamtoka. Aliniuliza kama nimepata mafua karibuni. Nikasema ndiyo, ili nisimvunje moyo. Akaacha miwani mezani, akapiga simu, nami nikapelekwa hospitali na king'ora, nikachomwa sindano, nikabandikwa waya kifuani, na mtihani nikaufanya wiki iliyofuata nikiwa bado na gundi. Aliporudi kunichukua, Sista Perpetua hakunigombeza. Alisema tu: "Mwanangu, uongo wote dunia hii ni wako. Ila jibu lile usilichezee. Misuli haijali umeinama au umelala. Ngozi inayofunika moyo ndiyo inayojali."

Nilikwenda kwa Magí siku hiyo hiyo. Nilimkuta uwanjani akipima kwa hatua mahali pa kuusimika mnara.

"Mjomba ana ugonjwa wa moyo," nilimwambia. "Ngozi ya moyo imevimba. Dalili zote ninazo."

"Unazo wewe?"

"Niliwahi kuugua. Yaani, niliwahi kujifanya. Lakini vizuri sana."

Magí alinitazama kwa utulivu wa mtu aliyesubiri siku hii. "Elisenda. Nani alipiga kengele za msiba mji mzima ukavaa nyeusi, kumbe amekufa paka wa padri?"

"Paka yule alikuwa na umri mkubwa. Alistahili."

"Nani alimwambia wa redio kwamba tunajenga mnara wa ghorofa kumi?"

"Magí, analala kwenye meza."

"Mimi nimelala kwenye meza nyingi, binti. Hakuna aliyeniita mgonjwa." Kisha uso wake ukalainika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilitambua kwamba alikuwa ameshawaza ninayoyasema, naye amekataa kuyawaza tena. "Bwana Bartomeu amemgusa kwa mkono wake. Wewe umemgusa? Nenda kaloweshe zumari lako."

Kwa mjomba sikufaulu zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameinama juu ya kiti kama mtu anayechungulia kisima.

"Baada ya sikukuu," alisema. "Jumatatu nakwenda kwa daktari, naapa."

"Na kama Jumatatu iko mbali?"

"Ona amefanya mazoezi tangu majira ya baridi. Nikienda leo watanilaza, na mtu wa kuziba nafasi yangu hayupo. Unataka nimwambie nini? Kwamba baba ana gegedu?" Akanikonyeza. Hakuwa na nguvu ya kukonyeza vizuri. Macho yote mawili yalifumba.

Asubuhi ya sikukuu Ona aliingia chumbani kwangu akirukaruka, tayari na suruali yake nyeupe.

"Ameondoka!" alisema. "Yule mtu. Nimesikiliza na sikio hili na hili. Hatembei tena."

Nyumba ilijaa shangwe. Bibi Tecla aliwasha mshumaa, akampongeza mtakatifu, kisha akajipongeza mwenyewe. Bwana Bartomeu alipopita mlangoni na kuambiwa, alisema kafuri haijawahi kumwangusha. Mimi niliteremka kumtazama aliyepona.

Aliyepona alikuwa amesimama katikati ya ngazi, anatazama maua ya jirani kupitia kidirisha. Mjomba hajawahi kutazama ua maishani mwake. Aliyatazama mpaka pumzi ilipomrudia, akashuka ngazi mbili, akayatazama tena. Mezani aliumega mkate wake uliosuguliwa nyanya, akauacha. Kola ya shati la zambarau ilikuwa wazi, na shingoni mishipa ilikuwa imesimama kama kamba za kufungia mbuzi, ingawa alikuwa amekaa tu.

"Inauma?" nilimuuliza.

"Kidogo kuliko jana." Aliwaza. "Inabana tu. Kama nimefungwa mshipi tayari."

Mshipi wenyewe ulikuwa kando yake, umekunjwa.

Kumfunga mjomba mshipi ni kazi yangu tangu nilipopata nguvu za kutosha. Mmoja anashika ncha na kuvuta, mwenye kiuno anajizungusha akija, anajiviringisha ndani ya kitambaa mpaka wakutane. Siku zote yeye huja akizunguka kama pia na kunipigia kelele nikaze. Siku ile, pembeni mwa uwanja, kengele zikilia na umati umeshajaa mpaka kwenye vichochoro, alizunguka mara moja akasimama. Akazunguka tena, akasimama. Nilisikia kafuri, na chini ya kafuri jasho la baridi. Alipofika mwisho uso wake ulikuwa karibu na wangu, na midomo yake ilikuwa na rangi ya mashati yetu.

"Kaza," alisema.

"Mjomba, yule mtu wa Ona hajaondoka. Amesimama tu."

"Kaza, Elisenda, acha hadithi."

Nilikaza. Kisha nikaenda kwenye nafasi yangu, mbele ya wapiga zumari wenzangu watatu na mwenye ngoma.

Kuna jambo kuhusu zumari ambalo wageni hawalijui. Watu wa msingi, mamia yao, wamebanana vichwa chini, mikono juu; hawaoni kitu. Wanaujua mnara kwa kuusikia. Ghorofa ya kwanza na ya pili zikiwa zimekaa, na zumari halijalia, mkuu anaweza kusema "shukeni" na hakuna aibu: haukuwa mnara, yalikuwa matayarisho. Zumari likishalia, ni mnara. Wa ghorofa ya tatu wanapanda, wa nne wanafuata, watoto wanafuata, na hakuna wa kurudisha chochote isipokuwa ardhi.

Na zumari halilii mpaka mpigaji wa kwanza, yaani mimi, avute pumzi.

Msingi ulijibana. Mjomba na wenzake wawili walipanda, wakasimama mabegani, wakashikana mikono, wakainamisha vichwa pembetatu. Kweli aliinama, na kweli uso wake ulitulia. Nyuma ya watu wa ghorofa ya tatu niliiona kofia ya Ona ikisubiri zamu, kidole mdomoni kwenye pengo la meno. Wa mashati ya kijani walikuwa wamesimama chini ya balkoni, mikono imefungwa vifuani.

Magí aliinua mkono kwangu.

Nilikuwa na zumari mdomoni. Sikuvuta pumzi.

Isidre, mpiga zumari wa pili, alinigusa kwa kiwiko. "Oya. Vuta."

Magí aliinua mkono mara ya pili, kama mtu anayefukuza nzi. Miguno ilianza msingini. Waliobanana walikuwa wakiuliza chini kwa chini kuna nini. Kwenye upande wa kijani mtu alipiga mluzi.

"Elisenda!" Ilikuwa sauti ya mjomba, toka juu, bila kuinua kichwa. "Piga!"

Niliondoa zumari mdomoni. Nina sauti ya kusimama mbele ya bweni zima na kuigiza mkuu wa shule, niliitumia yote.

"Nyooka kwanza, mjomba!"

"Nini?"

"Simama wima. Inua kichwa, nitazame. Ukinyooka, napiga mpaka midomo ipasuke!"

Watu walicheka. Mtu alisema, ndiye yule wa paka. Magí alikuwa ananijia akipasua umati, na kwa uso wake nilijua likizo yangu imekwisha. "Piga, mjinga wewe! Watu wamebeba!"

"Chini yake kuna mji mzima, hawezi kuumia akinyooka! Mwambie anyooke, Magí! Mtu mwenye ubavu anashindwa nini kuinua kichwa?"

Magí alisimama. Sijui ni nini kilichomsimamisha. Labda yale aliyokuwa amekataa kuyawaza. Aligeuka, akatazama juu.

"Eudald," alisema. "Nyooka kidogo, tumalize upuuzi huu."

Mjomba akainua kichwa.

Aliinua nusu. Tuliona kidevu kikitoka kwenye pembetatu, kisha shingo yenye kamba zake, kisha ule uso. Mtu aliyecheka mwisho alijikuta anacheka peke yake, akaacha. Kinywa cha mjomba kilikuwa wazi na hakikuwa kikivuta kitu. Macho yake yalikuwa yakimtafuta, si mimi, ila yule wa kofia ya uyoga huko nyuma. Magoti yake yakaanza kucheza. Wenzake wawili walimkumbatia kabla hajafunga macho.

"Shukeni," alisema Magí. Halafu kwa sauti iliyopasuka: "Shukeni! Mshusheni! Taratibu!"

Msingi ulimpokea mjomba kwa mikono yake yote, ukampitisha juu ya vichwa kama mawimbi yanavyopitisha gogo, mpaka pembeni ambako gari la wagonjwa hukaa kila sikukuu na mhudumu wake hula lozi za bure. Mhudumu alianza kwa utani. "Bwana mkubwa, mvinyo umeanza mapema leo?" Akamshika mkono kutafuta mapigo, akayatafuta tena, akaacha utani. Alikata mshipi kwa mkasi. Sijawahi kumwona mtu akikata mshipi wa mnara. Magí alishika vipande viwili vya kitambaa, akabaki navyo.

Ona alikuwa amesimama na kofia yake. "Umemharibia," aliniambia. "Alikuwa amepona. Nilikwambia ameondoka."

Nilikuwa nimeanza kuogopa kwamba labda ni kweli.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunong'ona, na hiyo haikutusaidia. Alituambia kwenye korido, Bibi Tecla, Magí na mimi, Ona akiwa amening'inia mkononi mwa Bibi. Mafua yale yaliuacha moyo na mfuko wake umevimba. Mfuko na moyo vilikuwa vikisuguana kwa kila pigo, ndiyo maana akigeuka kulichoma, akiinama kulimwachia.

"Kusuguana kunasikika," alisema. "Kama kukanyaga theluji."

"Maganda ya lozi," alisema Ona.

Daktari alimtazama. "Wewe ulisikia?"

"Kila jioni. Halafu leo akaacha kutembea."

Daktari alichuchumaa mbele yake. Alisema polepole, lakini sote tulijua hasemi na Ona. "Aliacha kwa sababu maji yalijaa kati ya mfuko na moyo. Vikaachana, visisuguane. Watu hudhani ni nafuu. Wakati mwingine ni nafuu kweli. Lakini hayo maji yalikuwa yanaubana moyo, usipate nafasi ya kufunguka."

"Na angepanda mnara?" aliuliza Magí.

"Angebeba nini?"

Magí alimwonyesha Ona kwa kidevu, kisha kwa mkono akaonyesha wote waliokuwa wapande kati ya Ona na mjomba. Daktari alisimama, akasema wamemtoboa, maji yametoka, usiku huu na wa kesho ndio utakaosema. Magí alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo. Bado alikuwa na kile kitambaa.

Tuliruhusiwa kuingia. Mjomba alikuwa amekalishwa, ameinama juu ya meza ndogo ya magurudumu, mikono juu ya mto, kichwa juu ya mikono. Ungemweka mabegani mwa mtu, alikuwa tayari kwa mnara. Mrija ulimtoka chini ya mbavu.

"Elisenda," alisema kwenye mto. "Unajua umetuvunjia mnara wa ghorofa nane."

"Najua, mjomba."

"Mbele ya wale wa kijani."

"Waliondoka bila kuimba."

Alizika uso kwenye mto, nikadhani amesinzia. Kisha mabega yakaanza kutikisika. "Nyooka kwanza, mjomba," aliigiza, kwa sauti yangu, na mashine iliyokuwa kando yake ikaanza kulia kwa haraka. Muuguzi alitokeza kichwa mlangoni. "Usinichekeshe," alisema mjomba, ingawa sikuwa nimesema kitu.

Ona hakuwa amenitazama tangu uwanjani. Alivuta kiti, akapanda, akalaza sikio mgongoni mwa baba yake, katikati ya waya. Alifumba macho. Alihama kidogo, kama anavyofanya akitafuta mahali. Bibi Tecla aliacha kuvuta rozari.

"Yupo," alisema hatimaye.

"Nani?" aliuliza muuguzi.

"Amerudi. Anatembea polepole."

Muuguzi alikwenda kumwita daktari, ambaye alikuja na kifaa chake, akasikiliza mahali pale pale, akatikisa kichwa kukubali. Alisema maji yakitoka, kusuguana hurudi. Kwa sasa afadhali hivyo. Alitamka "kwa sasa" kwa uangalifu, kama mtu anayeweka glasi ukingoni mwa meza.

Walitaka kumtoa Ona ili mgonjwa apumzike. Alikataa. Alibaki pale juu ya kiti, kofia yake ya uyoga miguuni, sikio limebanwa mgongoni mwa baba yake, akimsikiliza yule mtu asije akasimama tena.